Mwanangu, Usinishikishe Tama

Jumapili, saa nne usiku. Walukuba, Jinja.

Nimerudi kutoka Masese jioni hii mikono mitupu, na ndivyo nilivyotaka. Picha niliyokwenda nayo imebaki kwa mwenyewe. Nataka kuandika habari yake kabla sijalala, ila siwezi kuanzia hapo. Inabidi nianzie kwenye shuka.

Kwa miezi mitano sasa najifunza kupiga picha kwa njia moja. Namchagua mpiga picha aliyenitangulia, naziangalia picha zake mpaka nazijua kama njia ya kwetu, kisha nachukua kamera yangu, Canon iliyokwisha tumika yenye lenzi ya milimita 50, natoka kumjibu. Nasema kumjibu kwa makusudi. Mtu akipiga hodi mlangoni pako, humrudishii hodi yake. Unamwambia karibu.

Wa kwanza alikuwa Seydou Keïta wa Bamako, Mali, na nilimchagua kwa sababu ya kitambaa. Alipofungua studio yake mwaka 1948, si mbali na stesheni ya treni, pazia la kwanza alilotundika nyuma ya wateja lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Baadaye alikuwa akibadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata uzeeni aliweza kukisia mwaka wa picha kwa kuangalia maua ya pazia tu. Mimi nami ni mtoto wa mtu wa kitambaa. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo hapa Jinja, kama wanaume wengi wa Walukuba wa enzi zile, watu wa makabila kumi na kitu waliokutana kwenye Kiswahili wakatulea ndani yake. Kwenye sanduku la mama bado zimo shuka mbili za siku hizo, nzito, zenye mistari. Niliposoma habari za lile tandiko la Bamako nilihisi kama mtu ameniita kwa jina langu la utotoni.

Nikatundika shuka moja uani, kwenye ukuta wa jikoni, nikawatangazia majirani: Jumapili saa kumi, picha bure, kila mtu picha moja. Moja kweli. Keïta alitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18, filamu ilikuwa ghali, na kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu, basi. Nami nikaziba kioo cha nyuma cha kamera kwa plasta nisiweze kuchungulia.

Walikuja watu tisa. Wanne walifumba macho. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyeazima suti ya kaka yake, aligeuka kumwitikia mtu sekunde ileile niliyobonyeza, na uso wake ukawa ukungu. Nilipozifungua picha usiku niliumia sana kwa ajili yake, kwa sababu suti ile ilipigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama wima. Alikuwa amejiandaa kuliko mimi.

Hapo ndipo Keïta aliponifundisha. Kazi yake yote ilikwisha kabla ya kubonyeza. Alimgeuza mteja bega kidogo, akapanga vidole, akatandaza pindo la gauni, akampa saa au kalamu au redio ya kushika, ndipo akapiga. Mimi nilikuwa na desturi ya kupiga picha arobaini halafu naketi nachagua, na nilikuwa nikiita kule kuchagua kuangalia. Jumapili ya pili nilikaa na kila mtu dakika kumi bila kugusa kamera. Kijana wa bodaboda alirudi. Nilimwomba suti ileile. Safari hii nilimwona: ana kovu dogo juu ya jicho la kulia, na analigeuza upande wa pili bila kujua kwamba analigeuza. Nikamwacha aligeuze.

Kuna jambo jingine la shuka nisilisahau, kwa atakayependa kujaribu. Ukipiga kwa nyeusi na nyeupe, rangi zinakusaliti. Jirani alikuja na gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, nyekundu yenye mkanda wa kijani, machoni vinagombana, lakini kwenye picha vyote vimekuwa kijivu kimoja na mkanda haupo. Siku hizi nakunja macho nusu, nauliza kipi chepesi na kipi kizito, naisahau rangi. Na saa kumi niliichagua kwa sababu: tuko karibu sana na ikweta, jua la mchana linasimama utosini na kuyafanya macho ya watu mashimo meusi. Kivuli cha uani cha alasiri kinamtendea kila mtu haki.

Mwezi wa pili nilimjibu Malick Sidibé, naye wa Bamako, mtu wa dansi za vijana na usiku wa Jumamosi. Nilikwenda harusi mbili na sherehe moja. Sikupata kitu cha kusimulia. Nitamrudia.

Wa tatu alikuwa Saul Leiter, Mmarekani, mtoto wa rabi, aliyehamia New York mwaka 1946 akitaka kuwa mchoraji. Alipiga picha za rangi mtaani kwake kwa miongo mingi, vioo vyenye mvuke, miavuli, watu nusunusu nyuma ya matone, mara nyingine kwa filamu iliyokwisha muda kwa kuwa ilikuwa rahisi na rangi zake zilikwenda kwingine. Kitabu chake cha kwanza cha picha hizo kilitoka mwaka 2006, naye kavuka miaka 80. Nampenda kwa subira hiyo peke yake.

Mimi sina mikahawa yenye vioo vya mvuke. Nina mvua ya Aprili na kibanda cha rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, kwenye kona, ambacho mwenyewe hukizungushia kaveera jeupe, yaani plastiki, mvua ikianza, ili moto usizimike. Nilikaa ndani ya kibanda hicho jioni sita. Alinikubalia kwa sharti kwamba nisimzuilie wateja, na jioni ya tatu akaanza kunionyesha mwenyewe: "Angalia pale, ndugu, yule anakuja na mwavuli wa manjano." Kupitia kaveera lenye mafuta na matone, barabara yote ilikuwa rangi tu. Taa ya pikipiki ikawa chungwa. Mwanafunzi wa sweta ya kijani akawa jani linalopita. Picha moja ya jioni ya nne ninaipenda kuliko zote nilizowahi kupiga: robo tatu yake ni weupe wa kaveera, na pembeni kabisa mkono wa mtu unapokea chapati. Leiter asingeweza kuipiga, kwa kuwa kwake hakukuwa na kaveera. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikidhani nimeielewa kazi yangu.

Mwezi wa nne nikamchagua Dorothea Lange, naye Mmarekani.

Picha yake mnaijua hata kama jina hamlijui. Machi 1936, kambi ya wavunaji wa njegere huko Nipomo, California. Mama amekaa, watoto wawili wameigeuzia kamera visogo wakamwegemea mabegani, kichanga kiko mapajani, na mkono wa mama umepanda mpaka shavuni, vidole vimegusa uso. Mama anatazama mbali. Wazungu wameandika mengi kuhusu mkono ule. Sisi hatuhitaji maandishi. Mama ameshika tama, na mtoto yeyote aliyelelewa na bibi anajua kwa nini alikuwa akipigwa kofi la mkono kila aliposhika tama bila sababu: unaita msiba.

Nililijua hilo. Nimelijua tangu utotoni. Na bado nilikwenda Masese nikamtafuta mama wa kumshikisha.

Nilimpata ufukweni, mahali mukene, dagaa wa ziwani, zinapoanikwa juu ya nyavu, asubuhi jua likiwa bado la pembeni na samaki waking'aa kama vipande vya bati. Alikuwa akizigeuza. Tunafahamiana kidogo, mama yangu hununua kwake. Nilimsalimu, tukaulizana habari za nyumbani, nikamwomba picha, akakubali. Nikamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wajukuu zake wawili nikawasimamisha huku na huku, nikawaambia watazame nyuma. Kisha nikamwambia, "Mama, weka mkono shavuni. Hivi. Tazama kule mbali."

Aliweka. Sekunde mbili, tatu. Nilikuwa nimeinua kamera, na kwenye kioo ilikuwa pale, kamili, ile picha. Halafu akaushusha mkono taratibu akaniangalia.

"Mwanangu, unanishikisha tama. Nani amekufa?"

Sikuwa na jibu. Alisema bila hasira, na nadhani ndiyo maana neno limenikaa. Akaendelea, "Kwa hizi mukene nimesomesha watoto wanne. Wewe unataka watu wakiniona waseme maskini?" Akasimama akarudi kwenye nyavu zake. Nikamwambia, "Nisamehe, Mama." Akasema, "Nimekusamehe, ila usinipige leo."

Nilifuta nilichokuwa nimepiga. Nyumbani nikasoma upya habari za Nipomo, safari hii si kwa ajili ya mwanga. Mama yule alikuwa na miaka 32. Lange alipiga picha chache, akaondoka, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba hakumuuliza jina. Miaka mingi ikapita dunia nzima ikimtambua kwa tama lake tu, mpaka mwaka 1978 alipojulikana kuwa ni Florence Owens Thompson, na alipopata nafasi ya kusema alisema anajuta kupigwa picha ile, na kwamba haikumpa hata senti. Nataka kuwa mwadilifu kwa Lange. Picha zilipochapishwa gazetini, serikali ilipeleka kambini chakula cha uzito wa pauni 20,000, watu wenye njaa wakala. Lakini Thompson na wanawe walikuwa wameshaondoka. Na mwaka 1983 alipokuwa mgonjwa mahututi, watu walioikumbuka picha walimchangia zaidi ya dola 30,000. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, nimejaribu kuyapima usiku mwingi na mizani haijatulia.

Ninachojua ni upande wangu. Kwa Keïta na Leiter nilisema karibu. Kwa Lange nilirudisha hodi yake, tena nikaipiga kwenye mlango wa mtu mwingine.

Na Keïta mwenyewe? Hili nalo nimelikumbuka mwezi huu. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, ukutani zikaandikwa kuwa mpiga picha hajulikani. Mtu yu hai, yuko Bamako, anajulikana mtaa mzima. Kule jina la aliyepigwa lilipotea, huku jina la aliyepiga.

Nilirudi Masese baada ya wiki moja bila kamera. Nilimuuliza, "Mama, ukipigwa picha, unataka uonekane vipi?" Alinikazia macho akifikiri, kama mtu anayeulizwa bei ya kitu asichopanga kukiuza. Akasema, "Nitakuja kwenu Jumapili. Ile shuka bado ipo?" Kumbe habari za shuka zilimfikia.

Alikuja saa kumi kamili, na gomesi ya zambarau, mabega yamesimama, mkanda umefungwa na mtu anayejua kufunga. Mkononi alikuwa na debe lake la kupimia mukene, lile lenye mdomo uliopinda, amelisugua kwa mchanga mpaka linang'aa. Wateja wa Keïta walipigwa na redio, na Vespa, na hata gari la Peugeot lililoegeshwa uani. Yeye alileta kipimo chake. Nilikaa naye nusu saa. Aliniambia habari za watoto wanne, mmoja mmoja, shule kwa shule. Hakutaka kugeuza bega. Alitaka kutazama mbele, na debe magotini, mikono yote miwili juu yake. Nilibonyeza mara moja.

Leo nimempelekea. Nimeisafisha kwenye duka la picha Main Street, saizi kubwa, karatasi isiyong'aa. Aliishika mbali na uso, kisha karibu, kisha akawaita wajukuu. Hakusema nzuri wala mbaya. Alisema, "Debe limetoka." Akaigeuza nyuma akaniambia niandike. Nina kalamu siku hizi, na daftari la majina, tangu lile neno lake. Nikaandika jina lake lote kama alivyolitaja, la baba yake likiwemo, nikaandika Masese, nikaandika tarehe. Nikampa.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Na la kwako liko wapi?" akaniuliza, akanirudishia kalamu.