Likizo ya gari mashambani Ufaransa: chagua mji wa kulala kwanza

Wengi wanaopanga kuzunguka mashambani Ufaransa huanza na vijiji walivyoviona kwenye simu, kisha wakapanga kulala kila usiku mahali pengine. Mkiwa na watoto, na mama mzazi amekaa kiti cha mbele, mpango huo huwachosha kabla juma halijafika katikati. Nyumba za kukodi huko huachwa saa nne asubuhi, na inayofuata kwa kawaida haifunguliwi hadi saa kumi jioni. Saa sita hizo mnazurura na masanduku yote kwenye buti. Kodisheni nyumba moja kwa juma zima, mtoke asubuhi na kurudi jioni. Mkiwa na majuma mawili, kodisheni nyumba mbili, hata mkiona mnakosa mengi.

Ni nyumba ya wapi, sasa? Hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu hupima kwa kilomita. Kutoka kisiwani Mombasa hadi Ukunda si mbali, lakini anayekijua kivuko cha Likoni hahesabu kilomita. Barabara ndogo za Ufaransa, zile zenye herufi D, kikomo chake kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na ukiingia kijijini ni 50, mara nyingine 30. Kuna kona, kuna matrekta, kuna daraja la gari moja moja. Ukipata wastani wa kilomita 50 kwa saa umekwenda vizuri. Basi andika sehemu sita mnazotaka kwa dhati, chagua miji mitatu ya kulala, kisha pima kwenye ramani ya simu dakika kutoka kila mji hadi kila sehemu, ukiiambia ramani mnaondoka saa tatu na nusu asubuhi. Ongeza robo ya dakika hizo kwa ajili ya maegesho na watoto wanaotaka choo. Jumlisha. Mji wenye jumla ndogo ndio wa kuanza nao. Sehemu inayozidi saa moja na robo kwenda tu, iondoe kwenye hesabu: itaharibu jumla ya mji mzuri kwa ajili ya siku moja.

Tuchukue bonde la Dordogne, kusini-magharibi, ambalo kwa anayekwenda mara ya kwanza ndilo linalolipa zaidi. Tuseme mnataka Lascaux, penye michoro ya kale ya pangoni, mapango ya Les Eyzies, vijiji vya La Roque-Gageac na Beynac chini ya majabali kando ya mto, Domme juu ya kilima, na Rocamadour, kijiji kilichojengwa kwenye jabali. Kutoka mji wa Sarlat, Lascaux iliyoko Montignac ni kama nusu saa, Les Eyzies vivyo hivyo, La Roque-Gageac na Beynac robo saa hivi, Domme dakika 20, Rocamadour saa moja. Jumla, kabla ya kuongeza ile robo, ni karibu saa tatu. Ukilala Rocamadour kwenyewe, kwa kuwa picha zake ndizo zinazovutia kuliko zote, jumla hukaribia mara mbili, maana vingine vyote viko magharibi yako na kila asubuhi mtapita njia ile ile.

Sarlat ina kasoro zake. Katikati ya mji wa kale magari huzuiwa wakati wa kiangazi, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, maegesho hujaa mapema. Tafuta nyumba pembezoni, dakika kumi au kumi na tano kwa miguu kutoka sokoni. Kama mapango ndiyo shabaha yenu, Saint-Cyprien ni mji mdogo ulio karibu zaidi na Les Eyzies, wenye maduka na soko la Jumapili. Wanaotaka Rocamadour na shimo la Padirac, ambalo lina kina cha mita 103 na chini yake mnapanda mashua kwenye mto wa ardhini, wasogee mashariki hadi Souillac, iliyo kando ya barabara kuu ya A20.

Tiketi nazo huamua siku. Pango halisi la Lascaux, lililogunduliwa 1940, lilifungwa kwa umma 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro. Mtakachoona ni nakala, Lascaux IV, iliyofunguliwa mwisho wa 2016. Font-de-Gaume, pale Les Eyzies, ni pango halisi, na kwa sababu hiyo hiyo huingiza watu wachache kwa siku. Nunua tiketi kwanza, kisha zungushia siku nyingine. Na Agosti barabara ya D703 kando ya mto husimama kabisa karibu na Beynac kuanzia saa nne asubuhi. Pita hapo mapema au mwisho wa siku.

Mikoa mingine hesabu yake ni fupi. Bonde la Loire, lenye majumba ya wafalme, lala Amboise: Chenonceau iko karibu sana, Villandry na Chambord ni kiasi cha dakika 45 hadi 50, moja upande huu na moja upande ule. Luberon, huko Provence, vijiji vya kilimani kama Gordes ni vizuri kutembelea na vigumu kukaa, kwa mteremko, maegesho ya kulipia na ukosefu wa duka la kawaida. Kaa bondeni, au Apt. Maua ya lavenda huko huwa kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, kwa hiyo anayepanga Agosti asiyatumainie. Alsace vijiji vimebanana kiasi kwamba Colmar inatosha bila hesabu yoyote.

Ukishapata mji, igeukie nyumba yenyewe. Sharti la kwanza ni bekari na duka vinavyofikika kwa miguu. Nyumba ya peke yake katikati ya mashamba huonekana tulivu, lakini mkate ukiisha ni safari ya gari, na Jumapili alasiri hata supamaketi nyingi zimefungwa. Bekari pia hufunga siku moja kwa juma, mara nyingi Jumatatu. Muulize mwenye nyumba haya kabla ya kulipa: je, shuka na taulo zimo kwenye bei (mara nyingi hazimo), usafi wa mwisho ni kiasi gani, dipoziti ni kiasi gani, na njia ya kuingilia ina upana na mteremko gani. Kukiwa na bwawa la kuogelea, sheria inataka kinga moja kati ya nne: uzio, king'ora, kifuniko au paa. Hiyo kinga moja yaweza kuwa king'ora peke yake, na mtoto mdogo hazuiwi na king'ora. Omba picha ya uzio.

Jiko ulizia aina yake. Nyumba nyingi zimeweka jiko la umeme la induction, ambalo halipashi sufuria ya alumini hata ukisubiri mpaka kesho. Msibebe sufuria za nyumbani. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kuingia, kwa hiyo maziwa ya unga na mshikaki uliogandishwa vibaki. Anayekula halali ajue kwamba Dordogne ni nchi ya bata, anayepikwa kwa mafuta yake mwenyewe, na saladi nyingi hurashiwa vipande vya nguruwe bila kutajwa kwa herufi kubwa. Bucha za halali tafuta katika miji mikubwa mnapokuja, mkanunue nyama ya siku kadhaa na kuiweka kwenye friza. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka nyumba yenye jiko kamili. Anayefuata vipindi vya sala, mwisho wa Juni jua huzama karibu saa nne usiku. Panga chakula cha watoto kabla. Chooni hakuna mpira wa maji, na mara nyingi hata bomba halimo humo. Kopo linunuliwe siku ya kwanza.

Siku ya kufika ndiyo yenye hatari. Julai na Agosti nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na Jumamosi hizo ndizo barabara kuu hujaa kuliko siku zote. Anayetua Paris asubuhi baada ya kukesha kwenye ndege kutoka Nairobi asikabidhiwe usukani wa kwenda Sarlat, zaidi ya kilomita 500, tena akiendesha upande wa kulia kwa mara ya kwanza. Afadhali mpumzike usiku mmoja, mpande treni ya kasi hadi Bordeaux, saa mbili na kidogo, na gari mlichukulie hapo. Kutoka Bordeaux hadi Sarlat kuna saa mbili na nusu hivi. Ofisi za kukodisha magari katika stesheni ndogo hufungwa saa ya chakula cha mchana na Jumapili, kwa hiyo stesheni kubwa ni salama zaidi. Pitieni supamaketi kabla ya kufika nyumbani, maana kesho yake ni Jumapili.

Gari la otomatiki lazima litajwe wakati wa kuweka nafasi. Ya gia za mkono ndiyo yaliyozoeleka. Leta leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho AA Kenya hutoa, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kosa la Mkenya huko si barabara yenye magari, kwa kuwa magari humwonyesha upande. Ni asubuhi, anapotoka kwenye maegesho matupu na kukata kushoto, akaingia upande wa nyumbani kwao. Kosa la pili: kwa kuwa usukani uko kushoto, dereva aliyezoea kulia husukuma gari ukingoni, na rimu za kulia ndizo hukwaruzwa. Soma bima uone kama magurudumu na vioo vimo, kwa maana mara nyingi havimo. Kijijini, pasipo alama yoyote, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni.

Mwisho, viza. Ubalozi hutaka uthibitisho wa mahali pa kulala kwa siku zote, nayo nyumba nzuri za Julai huchukuliwa miezi mingi kabla. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, basi weka nafasi ya nyumba inayoweza kufutwa bila gharama, omba viza mara dirisha hilo linapofunguka, na tiketi za mapango zisizorudishwa uzinunue baada ya pasi kurudi mkononi.