Nilikwenda Kariakoo kutafuta amplifaya ya kinanda

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya Desemba, kwenye ukumbi mmoja pale Ipagala, hapa Dodoma, bibi harusi alisimama mlangoni akisubiri muziki wa kuingilia. MC akanipa ishara. Nikaweka sauti ya piano, nikabonyeza do ya chini kabisa kwa mkono wa kushoto, na amplifaya ikajamba.

Mnisamehe, sina neno lingine. Watu wa meza za mbele waligeuka. Bibi harusi, Mungu ambariki, alidhani ndivyo wimbo unavyoanza, akaanza kutembea. Nikapandisha mkono wa kushoto oktava moja na kumsindikiza hadi mbele kwa sauti kama ya redio iliyofunikwa na ndoo.

Amplifaya ile ilikuwa ya gitaa, nimeazima kwa kaka yetu anayepiga solo. Kesho yake tukafungua wavu wa mbele. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika pembeni, mpasuko wa urefu wa kidole, na kingo zake zimejikunja kama ganda la kitunguu kilichokaa sana jikoni. Nililipia spika nyingine bila kubishana. Yeye alikuwa ananung'unika, mimi nilikuwa natazama ule mpasuko na kuhesabu harusi zilizobaki mwezi ule. Zilikuwa tatu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha hisabati sekondari hapa Dodoma. Mwisho wa wiki napiga kinanda kwenye bendi ya watu saba. Harusi, kipaimara, kuaga wastaafu, na tangu serikali ihamie huku, hafla nyingi za ofisi ambazo zamani zingefanyika Dar. Rumba watu wakila, zilipendwa wakishashiba, sebene kuanzia saa nne usiku. Kwa miaka sita nilikuwa nachomeka kinanda popote penye tundu. Mara kwenye miksa ya fundi mitambo, na hapo sijisikii kabisa mpaka mtu wa meza ya nyuma anikunjie uso. Mara kwenye amplifaya ya Mzee, mpiga gitaa la besi wetu, ambako chini ni pazuri lakini juu kote ni kama nimefunikwa blanketi. Mara kwenye ya gitaa, na ya gitaa mmeshasikia.

Babu yangu, upande wa mama, alikuwa Mgogo wa Chamwino na alikuwa na ilimba, ile ala ya fito za chuma juu ya ubao inayopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao wake kuna kitundu, na juu ya kile kitundu alibandika utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai. Ukigusa ufito wa chuma, utando unatetemeka na ilimba inakoroma kidogo. Bila mkoromo ule babu alisema ilimba imekufa. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kumtafutia utando kwenye kuta za zizi.

Ndivyo ilivyo amplifaya ya gitaa. Imetengenezwa ili ikorome. Gitaa la umeme lenyewe halina sauti ya maana, nusu ya sauti yake inazaliwa ndani ya amplifaya na spika. Spika ile haina twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, na ukishapita hezi 5,000 hivi (mitetemo 5,000 kwa sekunde) inaanza kukata tamaa, na hilo ndilo linalofanya gitaa liwe tamu lisikwaruze masikio. Kinanda kinakuja na sauti iliyokwisha kupikwa. Mle ndani kuna piano iliyorekodiwa, kuna tarumbeta, kuna nyuzi, kila kimoja na mkoromo wake tayari. Ukikipitisha kwenye kitu kinachokoroma, unapika pilau juu ya pilau.

Kinanda changu ni Yamaha ya vitufe 61. Do yake ya chini ni hezi 65 hivi na ya juu kabisa ni kama 2,093. Piano kamili ya vitufe 88 inaanza 27.5 na kuishia 4,186. Mtu anaweza kusema, basi mbona 5,000 zinatosha? Hazitoshi, kwa sababu hizo ni namba za noti zenyewe tu. Juu ya kila noti zimepanda sauti nyingine ndogondogo, na hizo ndizo zinazokwambia hii ni piano, ile ni kengele. Ukizikata, piano na kinanda cha kanisani vinakuwa ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichoandika kwenye daftari kabla ya kupanda basi kilikuwa: twita, au honi inayofanya kazi hiyo hiyo.

Nilikwenda Kariakoo likizo ya Juni, kilomita 450 na kitu, kinanda kimelala kwenye mfuko wake juu ya mapaja yangu, kwa sababu kondakta alitaka kukiweka buti pamoja na magunia. Watu wengi huenda kujaribu spika kwa kinanda cha dukani. Kinanda cha dukani kina sauti zake za kutongozea wateja. Mimi nilitaka kusikia sauti nitakazopiga Ipagala.

Kijana wa duka la kwanza alinipokea vizuri.

"Mama, hii hapa wati 1,200."

"Za RMS, yaani za mfululizo, au za piki, za kilele?"

"Zote, mama."

Nikazunguka nyuma nikasoma kibandiko. Matumizi ya umeme: wati 60. Moyo wa mwalimu wa hisabati ukafurahi. Nikamwambia, mwanangu, kitu kinachokula 60 hakiwezi kutapika 1,200. Mzee mmoja aliyekuwa anachomelea waya kwenye kona akacheka, akaweka kifaa chake cha kuchomelea chini. Akaniambia nusu niko sahihi na nusu nimejidanganya. Namba ya kibandiko, akasema, mara nyingi hupimwa spika ikiwa inapiga moja ya nane tu ya nguvu yake, kwa kuwa muziki unapanda na kushuka, haupigi moja kwa moja kama honi ya lori. Hivyo kibandiko hakithibitishi wala hakikanushi. Tafuta, akasema, wati inazoweza kutoa mfululizo, achana na za kilele. Halafu funga karatasi ya maelezo, sikiliza.

Hapo ndipo logi za kidato cha pili, ambazo wanafunzi wangu kila mwaka wananiuliza zitawasaidia nini maishani, zilinisaidia. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio la kawaida linasema tu, "kama imeongezeka kidogo." Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo yule anayekwambia uongeze pesa uhame kutoka wati 150 kwenda 200 anakuuzia desibeli moja na kidogo. Kama kuna sababu nyingine ya kuhama sawa, ila isiwe hiyo. Wati nyingi kazi yake kwangu ni nafasi: nikikandamiza mikono yote miwili kwa ghafla, kusiwe na kuta za kugonga.

Nilikuwa nimekwenda na jina moja kichwani, Roland KC, amplifaya zilizotengenezwa kwa ajili ya kinanda, kwa sababu ndiyo kila mpiga kinanda niliyemheshimu amewahi kuikalia. Nilizikuta mbili. KC-400 ina wati 150 na spika ya inchi 12, KC-600 ina wati 200 na ya inchi 15. Zote zina chaneli nne, kila moja na kitufe chake cha sauti, unaweza kuchomeka vinanda viwili na maiki na simu ukabaki unapumua. Nilipiga ile kubwa dakika ishirini. Ni kiti cha enzi. Mkono wa kushoto ulitoka mnene, bila kukwaruza, na yule kijana akaanza kucheza. Kisha nikamwambia anisaidie kuigeuza, nikashika mpini, nikainua upande wangu, na nikairudisha chini kwa heshima zote.

Maana mimi nasafiri kwa bajaji. Bendi ina kirikuu, lakini kirikuu hubeba dramu, tumba, spika kubwa za fundi mitambo na jenereta, na wanaume sita ambao kila mmoja ana kitu chake. Kitu changu nakibeba mimi. Na kumbi nzuri za mji huu, sijui nani aliamua, ziko ghorofani.

Pembeni palikuwa na Yamaha DBR10. Kwa jina haikuwa amplifaya ya kinanda, ni spika ya kawaida yenye amplifaya yake ndani, ya inchi 10, na honi juu. Kilo 10 na nusu. Niliichomeka kwa kukamilisha tu ratiba. Piano, polepole. Halafu tarumbeta, kwa kishindo. Halafu nyuzi, sauti robo tatu, mikono yote. Nikasogea mita moja, nikasogea tatu, nikafumba macho. Chini haikuwa na kifua cha ile kubwa, hilo sitalificha. Lakini kila noti ilisimama peke yake. Nilisikia hata kosa la kidole cha nne ambalo nimekuwa nalo tangu kwaya ya Mpwapwa na sikujua.

Nilikwenda nikakaa nje kwenye ngazi na juisi ya miwa, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza nikiwa bado Dodoma: kitu hiki ni cha nani? Ukumbi una spika za fundi mitambo. Wageni 300 watanisikia kupitia kwake. Cha kwangu ni cha masikio yangu, ya mwimbaji aliye kulia, na ya mpiga dramu akinyoosha shingo. Masikio hayo yako mita mbili. Kifua cha chini ni kazi ya Mzee, waya wake wa mi unaanzia hezi 41, mimi nikijaza huko tunagombana. Nikarudi ndani nikalipa ile ndogo. Bei sitaandika hapa kwa sababu mume wangu anasoma blogu hii.

Ningekuwa napiga peke yangu hotelini, au ningekuwa na vinanda viwili, ningechukua KC-400 na kumlipa mtu wa kubeba. Chaneli mbili za spika yangu hazinitoshi kila mara, kwa hiyo natembea na miksa ndogo ambayo nayo ni kitu kingine cha kusahau nyumbani. Nimeshaisahau mara mbili.

Mambo mawili niliyojifunza kwa aibu baada ya hapo. La kwanza, nilichomeka waya mmoja kwenye tundu la kulia la kinanda, piano ikatoka nyembamba, upande mmoja haupo. Tundu sahihi ni lile la kushoto lililoandikwa L/L+R, linajumlisha zote mbili ukitumia waya mmoja. Hata hivyo piano fulani zilizorekodiwa kwa upana sana zikijumlishwa zinakulana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa kama zinatoka kwenye bomba. Nilipitia sauti zote za piano moja baada ya nyingine, nikabakiza mbili zinazovumilia.

La pili ni umeme. Kumbi nyingi ukichomeka unasikia mmmmm ya hezi 50, na siku moja midomo yangu iligusa maiki nikahisi sisimizi wa umeme. Soketi haikuwa na waya wa ardhi. Kijana mmoja akaja na koleo kutaka kukata ule mguu wa tatu wa plagi "ili mvumo uishe." Nilimwambia mimi nina watoto wawili. Mvumo unaondolewa kwenye waya wa sauti, kwa kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya kinanda na miksa, chenye swichi ya kukata ardhi ya sauti, plagi unaiacha na miguu yake yote. Usiku ule tulivuta ekstensheni kutoka jikoni kwenye soketi nzima, na mvumo ukaisha bila koleo.

Vumbi letu mnalijua. Naifunika kwa kanga mbili mpaka dakika ya mwisho, na baada ya upepo wa Agosti nafuta honi kwa brashi ya rangi.

Mwezi uliopita tulikuwa Bahi, kipaimara, uani kwa watu, hakuna kuta za kurudisha sauti. Niliiegemeza spika ikitazama juu kidogo, juu ya kreti mbili za soda, usawa wa sikio. Ikiwa sakafuni nyuma yako, magoti ndiyo yanayosikiliza. Tulipiga rumba ya kwanza, nikajisikia kila kitu, mkono wa kushoto ukapata ujasiri wa miaka sita kwa mpigo mmoja. Wimbo ulipoisha Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaniinamia.

"Mwalimu, leo nimekusikia vizuri sana."

"Asante, Mzee."

"Sasa huo mkono wa kushoto upunguze. Huko chini nakaa mimi."