Kariakoo mpaka Kariokor

Dereva wa teksi wa Nairobi alinijua kuwa mimi ni Mtanzania kwa neno moja tu. Nilimwambia, "Naomba unipeleke Kariokor," na hilo "naomba" likanigharimu shilingi 600 za Kenya. Nilikuwa nimetoka kwenye basi la kutoka Dar, saa kumi na sita kwenye kiti kisicholala, magoti yamegota mgongo wa abiria wa mbele tangu Chalinze. Namanga tulisimama foleni mpaka miguu ikavimba. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Akanizungusha, tukavuka mto unaonuka, nadhani tuliuvuka mara mbili. Kesho yake nilirudi mjini kwa miguu: dakika ishirini na tano, tena nikisimama kununua ndizi. Mia sita za Kenya ni kama elfu kumi na mbili za kwetu, na kwa hela hiyo mama ntilie wangu ananilisha mchana siku nne.

Nina kibanda Kariakoo, nauza mikoba na ndara. Nilifunga safari kutafuta vyondo, vile vikapu vya kusuka, na viatu vya ngozi kwa bei ya jumla, maana dalali anayeniletea anazidi kunenepa na mimi nazidi kukonda. Kila niliyemuuliza alisema nenda Kariokor. Nikadhani ni matamshi ya Wakenya tu, wanatania mtu wa Dar.

Sokoni nilimkuta mzee fundi anakata soli kutoka kwenye tairi. Alikuwa na kopo la maji ya sabuni pembeni. Kila baada ya mkato mmoja anachovya kisu, kisha kinapita kwenye mpira kama kwenye embe bivu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Aliacha kisu juu, akacheka, akawaita wenzake waje wasikie. "Marahaba! Hii sijaisikia tangu mwaka jana. Wewe umetoka Tanzania, wapi?"

"Dar. Kariakoo."

"Basi umetoka nyumbani ukaja nyumbani."

Ndipo akanieleza, akiendelea kukata. Wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na hapa Nairobi kambi yao ilikuwa pande hizi. Wazee walilitamka jina jinsi ulimi ulivyokubali. Waingereza walipoiteka Dar mwezi Septemba 1916, nako ikawekwa kambi ya wapagazi, na ulimi wa kule ukalitamka kivyake. Nimefanya biashara Kariakoo miaka kumi na moja. Nimelipa kodi ya pango Kariakoo, nimeibiwa Kariakoo, na sikuwahi kujiuliza hilo ni neno la lugha gani.

Vita yenyewe nilisoma shuleni, nikajibu mtihani, nikasahau. Siku ile nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha yule mzee ndipo nilipoielewa, kwa sababu inafanana na kikoba cha kuweka na kukopa kilichovunjika. Juni 28, 1914 kijana mmoja anampiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo. Austria inamdai Serbia. Mdhamini wa Serbia ni Urusi, mdhamini wa Austria ni Ujerumani, na Ufaransa imeshaweka sahihi kwa Urusi. Ujerumani inapita Ubelgiji kwenda kuipiga Ufaransa, Uingereza nayo inaingia Agosti 4. Kila mmoja anasema alikuwa anatimiza ahadi tu, ingawa ukweli ni kwamba walikuwa wamekusanya silaha kwa miaka na kuoneana choyo, makoloni yakiwemo. Siku nne baadaye, Agosti 8, manowari ya Kiingereza ikaipiga Dar mizinga, ikiutafuta mnara wa redio wa Wajerumani. Mtu wa Buguruni alikuwa amemkosea nini mtu wa Sarajevo?

Na kwa nini wapagazi? Mbung'o. Huku farasi, nyumbu na ng'ombe waliokokota mizigo walikufa njiani kwa ugonjwa unaoenezwa na nzi hao, magari yalizama kwenye tope, ikabaki shingo ya binadamu. Kila mtu na mzigo wa kilo ishirini na kitu. Hesabu yake ni ya hasara, mfanyabiashara yeyote ataiona: mpagazi naye anakula, kwa hiyo kadiri jeshi linavyokwenda mbali ndivyo unavyohitaji wapagazi wengine wa kumbebea mpagazi chakula. Walipopunjwa chakula, au kupewa unga usioiva vizuri, wakaharisha mpaka kufa. Hesabu ya serikali kwa upande wa Waingereza ilipita wafu 40,000, na wanahistoria wengi huipandisha mpaka karibu 100,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na uchovu kuliko risasi. Mishahara ya waliokufa, kwa maelfu yao, haikuwafikia ndugu zao mpaka leo.

Mimi ni Mgogo. Bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa watu kwa kusema huyu alizaliwa kabla ya Mtunya, huyu baada. Mtunya ni njaa ya 1917 mpaka 1920. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mwingereza alipofika akachukua waliobaki. Mvua nayo ikakataa, halafu homa ya mafua ikaja juu yake. Babu yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo akapotelea kusini. Nyumbani hatuna jina lake. Bibi alimwita "yule aliyekwenda", basi.

Jumamosi nikaenda kuwaona wale wa shaba, sanamu za kumbukumbu ya vita hiyo, katikati ya Kenyatta Avenue. Wapo watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar tuna sanamu ya askari mmoja tu pale Posta, bunduki mkononi. Maandishi ya Nairobi yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanasema wapagazi walikuwa mikono na miguu ya jeshi, na kwamba ukifa ukiipigania nchi yako wanao watalikumbuka jina lako. Nikasoma mara tatu huku bodaboda zikinipigia honi. Nchi yako ipi? Vita ilipokwisha wanajeshi Wazungu waligawiwa ardhi ya Kenya, na Mwafrika akavishwa kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa jina popote.

Jumapili sikumbuki nilifanya nini. Mvua ilinyesha, na gesti walinidai hela ya maji ya moto.

Jumatatu nikafunga mzigo: vyondo ishirini na ndara za ngozi jozi arobaini, gunia moja limetuna. Nikaita beba-beba anisaidie mpaka kwenye basi. Akasema mia tatu. Nikamwambia njia naijua, ni dakika ishirini na tano tu, mia moja. Tukavutana mpaka mia na hamsini. Nilifurahi. Akakunja kiroba akakiweka mabegani, akainama, nikamtwisha, akaondoka mbio zile fupi za wapagazi, mimi nyuma nikihema na mkoba mtupu.

Kwenye basi karani wa mizigo akamwambia apande kwenye mizani na gunia lake, atatoa uzito wa mtu baadaye. Gunia likatoka kilo ishirini na saba. Karani akanitajia nauli ya mzigo mara sita ya ujira wa aliyeubeba. Nikalalamika, nikalipa.

"Shusha basi, kaka," nikamwambia yule kijana.

Hakushusha. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kidevu.

"Lipa kwanza, mkubwa. Mzigo ukishaenda chini watu husahau."

Nilikuwa na noti ya elfu moja tu, naye hakuwa na chenji. Nikaenda kwa muuza soda, hana. Muuza sigara, hana, au hataki. Kila nikigeuka namwona amesimama palepale, gunia mabegani, anahamisha uzito mguu huu kwenda ule. Wa tatu, muuza mandazi, ndiye aliyekubali kuivunja, kwa sharti ninunue mandazi sita.