Mkono wangu bado unakumbuka

Leo jioni nimekaa kutazama filamu ya zamani. Kwenye kona ya juu kulia ya skrini kikatokea kidoa cha duara, kikapotea.

Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe.

Miaka mingi imepita tangu niendeshe projekta kwenye sinema ya kambi ya jeshi la Marekani. Mikanda ya milimita 35, projekta mbili, kila mkanda kama dakika 20. Vidoa kama kile vilikuwa ishara kwamba mkanda unakaribia kwisha. Kidoa cha kwanza: washa mota ya projekta ya pili, yenye mkanda unaofuata. Kama sekunde 7 baadaye, kidoa cha pili: hamisha picha kwenda projekta hiyo. Ukichelewa, ukumbi mzima unabaki unatazama skrini tupu.

Lakini kinachonirudia zaidi si filamu.

Ni wimbo wa taifa. Tuliupiga kabla ya filamu kuanza, na ukumbi wote ukasimama: wanajeshi, wake na waume zao, watoto na bisi mikononi. Mimi nami nilisimama kule juu, peke yangu, nikiwatazama kupitia kidirisha cha kioo. Visogo tu, safu kwa safu. Kisha kishindo cha viti, wote wakikaa kwa pamoja.

Wiki nyingine safu zilikuwa na mapengo. Kikosi kimeondoka. Mama yuleyule, watoto walewale, na kati yao kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia.

Sikuwahi kuizoea picha ile.

Nani mwingine hapa amewahi kutazama filamu kambini, au kuziendesha? Niambieni mnakumbuka nini. Hata kile kishindo cha viti tu.