Kutoka Ubuntu 16.04 hadi 22.04: amri za zamani zilizopona na zilizotusumbua

Wenzangu wanaotunza seva ndogondogo huniuliza swali moja: nikihamia toleo jipya la mfumo endeshi, amri na skripti za miaka ile zitaendelea kufanya kazi? Kwa niliyoyaona, amri yenyewe mara nyingi hubaki. Kinachobadilika ni vitu vya pembeni yake: mpangilio wa jibu inalotoa, maktaba ya programu inayoitegemea, ruhusa iliyoongezwa, jina la kadi ya mtandao. Amri ikifa kwa kelele, afadhali, maana utajua siku hiyohiyo. Ya kuogopa ni ile inayoendelea kama kawaida huku ikitoa jibu tupu.

Natunza seva ya SACCOS moja ya watumishi, Morogoro. Ilikuwa inatumia Ubuntu 16.04, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma Aprili 2021. Juu yake kulikuwa na rundo la skripti zilizoandikwa na mzee aliyenitangulia kabla hajastaafu: bekapu ya usiku, ripoti ya makusanyo, hesabu ya marejesho ya mikopo, uchapaji wa risiti. Maelezo hayakuwepo popote, isipokuwa mistari michache ya maoni ndani ya skripti zenyewe, na baadhi yake ilikuwa utani wa mpira. Tulipopata mashine mpya niliamua kusimika 22.04 upya kabisa. Njia ya do-release-upgrade, amri ya Ubuntu ya kupandisha toleo, haikuruhusu kuruka. Ningelazimika kupita 18.04, kisha 20.04, ndipo nifike, na kila kituo kingekuwa na ugomvi wake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua nina nini. Nilipita crontab ya kila mtumiaji, yaani orodha ambayo cron huitumia kuendesha kazi zenyewe kwa ratiba, nikafungua /etc/cron.d na /etc/rc.local, nikaorodhesha kila skripti na kila amri inayoitwa ndani yake. Kisha nikampigia mzee simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo seva bado inapumua?"

Nikamwambia inapumua, ila tunaihamisha, na nataka kujua kama kuna skripti isiyo kwenye cron.

"Kamuulize mhasibu," akasema. "Kuna kitu anabofya kwenye kompyuta yake kila mwisho wa mwezi. Kile kinaingia kwenye seva kwa ssh, kinavuta ripoti. Usipokihamisha atakutafuta."

Kazi inayoanzia kompyuta nyingine na kuingia kwenye seva kwa ssh, yaani kupitia mtandao, isingeonekana kwenye orodha yangu hata ningekesha.

Mashine ya zamani niliiacha iendelee na kazi zake, mpya nikaiweka pembeni ikiwa na nakala ya data ileile. Kila skripti niliiendesha kwenye zote mbili, nikahifadhi matokeo kwenye mafaili, kisha nikayapitisha kwenye diff, amri inayoonyesha tofauti kati ya mafaili mawili. diff ikinyamaza, skripti imepita. Amri hiyo ilitoka na toleo la tano la Unix mwaka 1974, nayo ndiyo iliyokuwa hakimu wa programu zilizozaliwa miongo kadhaa baada yake.

Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea: vikongwe kabisa ndivyo vilivyopita bila shida. Ripoti ya makusanyo imejengwa kwa grep, cut, sort na awk, amri za kutafuta, kukata, kupanga na kuchakata maandishi. grep ni ya 1973, awk ni ya 1977, zote za Bell Labs, maabara ilikozaliwa Unix, na tabia zao zimeandikwa kwenye POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix kilichoanza 1988. Vitu vingi mno vinazitegemea kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuzigeuza. Skripti moja tu ya awk ndiyo iliyogoma, kwa kuwa ilitumia gensub, kazi ya nyongeza ya gawk (awk ya GNU) isiyomo kwenye kiwango cha POSIX. Mashine ya zamani ilikuwa imewekewa gawk kwa mkono, na Ubuntu ikisimikwa upya huja na mawk, awk nyingine. Nikaisimika gawk, tukaendelea.

Zilizonitoa jasho ni za umri wa kati.

Tuanze na ifconfig. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ya ofisi hugawa anwani upya, kwa hiyo mzee aliandika skripti ya kututumia anwani ya seva kwa barua pepe kila inapowaka. Ilikuwa inatafuta maneno "inet addr:" kwenye jibu la ifconfig, kisha inakata baada ya nukta mbili. Ubuntu mpya haiji na ifconfig. Kifurushi cha net-tools hakiwekwi tena kwa kawaida, mahali pake ipo amri ya ip. Ukikisimika mwenyewe, ifconfig inarudi, lakini matoleo yake mapya huandika "inet" kisha anwani, bila lile neno "addr:". Tena kadi iliyokuwa eth0 sasa ina jina refu kama enp3s0. Barua pepe ikaja kwa wakati, kichwa chake sahihi, ndani hakuna anwani. Nilibadilisha mstari mzima kuwa hostname -I, ambayo hutoa anwani peke yake bila mapambo. Jibu la ifconfig liliandikwa lisomwe na binadamu, halikuahidiwa kubaki vilevile, na skripti nyingi za enzi zile zilijengwa juu ya majibu ya aina hiyo.

Bekapu ndiyo iliyonitisha. Mtiririko wake ni mysqldump, inayotoa nakala ya hifadhidata ya MySQL, kwenda gzip inayoibana, kisha gpg, programu ya usimbaji, inaifunga kwa nywila iliyosomwa kutoka faili, mwisho faili linaandikwa kwenye diski ya nje. Kwenye 16.04, gpg ilikuwa toleo la 1.4. Kwenye 22.04 ni 2.2, ambayo kazi ya nywila inaikabidhi kwa programu nyingine inayotaka kuzungumza na mtu. Nilipoiendesha kwa mkono iliniuliza nywila, nikaiandika, ikapita. Usiku, chini ya cron, hakuna mtu wa kuulizwa. gpg ikashindwa, na faili likabaki pale likiwa na jina zuri, tarehe ya leo, na ukubwa wa baiti sifuri. Skripti ya zamani ilikuwa inauliza jambo moja tu: faili lipo? Lipo. Basi asubuhi ukaja ujumbe: "Bekapu imekamilika."

Nilishukuru kwamba mashine ya zamani ilikuwa bado inafanya bekapu yake kando.

Dawa yake ni fupi. gpg nimeiongezea --batch na --pinentry-mode loopback ili ikubali nywila ya kwenye faili. Juu ya skripti nimeweka set -o pipefail, kwa sababu bila hiyo bash, programu inayoendesha skripti, huangalia amri ya mwisho tu katika mtiririko, na mysqldump inaweza kuanguka bila mtu kujua. Swali la "faili lipo?" nimelibadilisha kuwa "faili lina kitu?", yaani -s mahali pa -f. Na kila wiki skripti nyingine hufungua bekapu ya karibuni na kuirejesha kwenye hifadhidata ya majaribio.

Zoezi hilo la kurejesha ndilo lililofichua la pili. Nilijaribu kufungua bekapu za miaka ya nyuma, zile ambazo mkaguzi anaweza kuzitaka, gpg mpya ikazikataa. Zilifungwa kwa CAST5, mbinu ya zamani ya usimbaji, bila alama ya kuthibitisha kwamba data haikuchezewa. Zamani gpg ilikuwa inatoa onyo tu, kuanzia 2.2.8 ya mwaka 2018 hilo limekuwa kosa kamili. Kuna --ignore-mdc-error ya kulirudisha kuwa onyo. Nilizifungua zote kwa chaguo hilo, nikahakikisha kila moja kwa gzip -t, nikazifunga upya kwa AES256. Ukiwa na bekapu za zamani za namna hiyo, zifungue sasa, wakati mashine ya zamani ingali inawaka.

mysqldump nayo ilikuwa na lake: mtumiaji wetu wa bekapu aliambiwa hana ruhusa ya PROCESS. Matoleo mapya ya MySQL yanaidai kwa ajili ya taarifa za tablespace (sehemu za diski zinapokaa data za hifadhidata), ambazo sisi hatuzihitaji. Nikaongeza --no-tablespaces, ikatulia.

Sasa Python, lugha ya programu. Python 2 iliachwa rasmi na watunzaji wake tarehe 1 Januari 2020, na kwenye 22.04 amri ya python peke yake haipo, ipo python3. Skripti ya marejesho ya mikopo ilikufa kwa kelele mara mbili, kwanza kwa kukosa python, kisha kwa print isiyo na mabano. Programu ya 2to3, inayogeuza msimbo wa Python 2 kuwa wa Python 3, ilirekebisha hayo upesi. Wengi huishia hapo, wakiona skripti inakimbia bila kosa.

diff haikunyamaza. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa miezi 12, Python 2 ilitoa rejesho la 41666. Python 3 ikatoa 41666.666666666664. Katika Python 2, kugawa namba nzima kwa namba nzima hutupa desimali. Katika Python 3 huzibakiza, na 2to3 hailigusi suala hilo kwa sababu haiwezi kujua ulikusudia nini. Mzee alikuwa anaitegemea tabia ile: anagawa, anapata namba nzima, na mabaki anayaweka kwenye rejesho la mwisho. Kwa Python 3, hesabu ya mabaki ilikuwa inatoa sifuri au vipande vya senti, na jedwali la mwanachama lisingelingana na leja. Nilipita kila alama ya mgawanyo, palipotakiwa namba nzima nikaweka //. Ni kazi ya kuchosha, na haifanyiki kwa kukisia. Kwa kila mstari nilikaa na mhasibu, akinionyesha kwenye leja namba inayotakiwa kutoka.

Printa ya risiti ilikuja na programu ndogo ya kuiendesha, ya biti 32, isiyo na chanzo chake. Ukiiita, terminali inasema "No such file or directory". Ukifanya ls, faili hilo hapo mbele ya macho yako. Kinachokosekana ni kipakiaji chake, /lib/ld-linux.so.2, ambacho mfumo wa biti 64 hauji nacho, lakini ujumbe haukuambii hivyo. Amri ya file ndiyo itakayokwambia kwamba una programu ya biti 32. Nikaandika dpkg --add-architecture i386, nikasasisha orodha ya vifurushi, nikasimika libc6:i386 na libstdc++6:i386, risiti zikatoka. Kerneli yenyewe, kiini cha mfumo, haikuwa na tatizo nayo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa kerneli ya Linux, ni mkali sana juu ya hilo: badiliko la kerneli linalovunja programu za watu ni kosa la kerneli. Usambazaji unaozunguka kerneli, kama Ubuntu, haujajifunga kwa kanuni hiyo.

Na yule mhasibu? Alinitafuta kweli.

"Kaka, kitufe changu kimegoma. Kinasema Server refused our key."

Kitufe kilikuwa kinaita plink ya PuTTY, programu ya ssh ya Windows, ya zamani sana, ikijitambulisha kwa ufunguo wa RSA uliosaini kwa SHA-1, mbinu ya zamani iliyodhoofika. OpenSSH, programu ya ssh iliyo kwenye seva, iliacha kukubali saini hizo kwa kawaida kuanzia 8.8 ya Septemba 2021, na 22.04 ina 8.9. Mtandaoni utaambiwa uilegeze seva ikubali ssh-rsa tena. Kwa kifaa usichoweza kukibadilisha, kama swichi ya zamani unayoingia ndani yake kwa ssh, naelewa, na uweke ulegezo huo kwa kifaa hicho peke yake kwenye ~/.ssh/config. Kwa kompyuta ya Windows iliyo mezani kwa mtu, hakuna sababu. PuTTY kuanzia 0.75 inajua saini mpya. Niliweka toleo jipya, ufunguo uleule ukakubaliwa.

Umri peke yake si kinga, lakini. Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, ilibadilisha zana za msingi za GNU na kuweka zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Muda si mrefu ikagundulika kwamba date -r, inayotakiwa kutoa muda faili lilipobadilishwa, ilikuwa inatoa saa ya sasa, na baadhi ya mashine zikaacha kukagua masasisho zenyewe. Jina ni lilelile na chaguo ni lilelile. Jibu ndilo lililokuwa tofauti, bila kosa lolote kwenye skrini. Ilirekebishwa upesi, ila kwa skripti za bekapu zinazopima umri wa faili ni jambo la kuliangalia.

Kwa sasa mashine pepe ya 24.04 inaendesha skripti zetu usiku kwa data ya majaribio. Python 2 haimo kabisa kwenye hazina zake, na hilo halitugusi tena. scp yake, amri ya kunakili mafaili kupitia ssh, hutumia itifaki ya SFTP, kwa hiyo kwa kifaa kimoja cha zamani cha kuhifadhia mafaili imebidi kuongeza -O. diff bado inasema kitu kwenye skripti mbili, na moja kati yake ni ile ya risiti.