Kanga Nyekundu Katika Mfarishi wa Minnesota

Ni mwaka wa sita sasa ambapo kila Alhamisi ya pili ya mwezi mimi hubeba cherehani yangu ndogo hadi ukumbi wa chini wa kanisa moja, katika mji mdogo ninaoishi hapa Minnesota, ambako hukutana chama cha washonaji wa mifarishi. Neno mfarishi limeanza kusahaulika kwetu, na huenda wengi wenu mkadhani ninazungumzia godoro jembamba. Ninachokikusudia ni blanketi la matabaka matatu, yaani uso ulioungwa kwa vipande vingi vya vitambaa, pamba iliyobanwa katikati, na bitana chini, yote yakishikwa pamoja kwa mishono au kwa mafundo. Mtu aliyekulia Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kama mimi angekieleza kitu hicho kwa neno moja tu, viraka, na hapo ndipo ugumu wangu ulipoanzia.

Kwetu kiraka kilikuwa siri ya nyumbani. Mama alikitia kwa ndani, akitafuta rangi inayokaribiana na ya suruali, akashona kwa mkono usiku ili asubuhi tuende shule bila kuchekwa. Huku nikakuta wanawake, pamoja na wazee wawili wa kiume, wakinunua kitambaa kipya cha pamba kwa zaidi ya dola kumi kwa yadi, wakikipiga pasi, wakikikatakata kwa kisu cha gurudumu, kisha wakiviunga vipande hivyo upya kwa mshono wa robo inchi usioruhusiwa kupungua wala kuzidi. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba hawa watu wana fedha za kuchezea.

Mikutano yenyewe haina mengi ya kusimulia: taarifa ya mtunza hazina, kahawa, keki, na ile nusu saa ambayo kila mmoja husimama na kuonyesha alichomaliza huku wenzake wakishangilia. Kila baada ya miaka miwili chama hufanya maonyesho na kuuza tikiti za bahati nasibu ya mfarishi mmoja mkubwa ulioshonwa na wanachama wote, na mapato yake ndiyo hununua pamba na vitambaa vya kazi za hisani. Kazi hizo za hisani ndizo zilizonifanya nibaki.

Sehemu ya mifarishi yetu hupitia mashirika makubwa. Upo mradi uitwao Project Linus, ulioanzishwa na Karen Loucks huko Colorado mwaka 1995 baada ya kusoma habari za mtoto mwenye saratani ya damu aliyepata faraja katika blanketi lake wakati wa matibabu. Huo huwapelekea watoto wagonjwa na waliopatwa na misiba. Upo pia Quilts of Valor, ulioanzishwa mwaka 2003 na Catherine Roberts wa Delaware, ambaye mwanawe alikuwa askari Iraq, na ambao hadi sasa umewafunika wanajeshi na maveterani zaidi ya 300,000. Nakiri kwamba nilikuwa na wasiwasi na jambo la askari, kwa kuwa vita si kitu ninachopenda kukishangilia. Kisha nikashuhudia mzee mmoja aliyepigana Vietnam akifunikwa mabegani mbele ya ukumbi mzima, na kuona jinsi alivyoushika ule upindo kwa vidole viwili, akausugua taratibu, bila kusema neno, mpaka binti yake alipomwongoza kuketi. Tangu siku hiyo hushona mifarishi hiyo bila kuuliza maswali ya siasa.

Kazi iliyo karibu zaidi na moyo wangu, hata hivyo, ni ile inayofanyika kwenye meza ya pembeni ambapo wazee wa Kilutheri hufunga mafundo. Jimbo hili lina Walutheri wengi, na baadhi yao wanaijua Iringa kuliko mimi, kwa sababu ya ushirikiano wa makanisa ya eneo la Saint Paul na dayosisi ya huko, ushirikiano ambao wao wenyewe huuita kwa Kiswahili, Bega Kwa Bega. Hushona mifarishi kwa ajili ya Lutheran World Relief, shirika lililoundwa mwaka 1945, ambalo hukusanya mifarishi kutoka makanisa ya Marekani nzima, kwa malaki kila mwaka, na kuisafirisha kwa wakimbizi na wahanga wa majanga katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Vipimo ni inchi 60 kwa 80. Hakuna anayehangaika na urembo mkubwa. Matabaka hupigwa bandi, kisha uzi mnene hupitishwa na kufungwa fundo imara kila baada ya upana wa kiganja hivi, kwa kuwa mfarishi huo huenda usitumike kama blanketi tu. Huenda ukawa mkeka, pazia la kugawa chumba, mbeleko, au kivuli juu ya miti minne.

Hayo ya pazia sikuhitaji kuelezwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia wilayani kwetu kwa muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji mkubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimewahi kuuona. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka mama mmoja pale kambini aliyetundika mbele ya kibanda chake kitambaa kizito cha miraba ya rangi rangi, na jinsi nilivyojiuliza ni nani mwenye uvumilivu wa kuunga vipande vingi kiasi kile. Sikujua kilitoka wapi.

Nimewahi kuwauliza wenzangu waziwazi kama ina maana kusafirisha blanketi kutoka Minnesota hadi nchi ambayo ina pamba na mafundi cherehani wake. Hawakukasirika. Mmoja alisema kwamba yeye hutoa fedha pia, na kwamba chama huchangia nauli ya shehena. Lakini mikono yake ina miaka 81 na bado inataka kazi. Jibu hilo halikunimaliza hoja zote, nami bado naamini kwamba fedha ikifika mapema hufanya mengi zaidi. Hata hivyo sijaacha kufunga mafundo.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wangu wa pili. Nilichagua kushona mfarishi wa mtoto wa hospitali kwa mtindo wa nyumba ya magogo, ambao kila mraba huanza na kipande chekundu katikati, kikisemwa kuwa ndicho moto wa nyumba, kisha vipande vyembamba hukizunguka kama magogo. Nikaona wekundu huo utoke kwetu. Nilichukua kanga mpya, nikatumia mji tu, yaani sehemu ya katikati, pindo nikaliacha, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, nikalikata kwa uangalifu ili nilitie kwenye bitana. Ajuza aliyekaa jirani yangu aliuliza kama nimekifua kitambaa. Nikamjibu kwamba kanga ni kanga.

Ilichuja. Nilipoufua mfarishi uliokamilika, kila moto uliingia kwenye magogo meupe, na miraba 30 ikawa na haya usoni. Yule bibi aliuloweka usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, akayabadilisha maji mara tatu, na waridi likafifia bila kutoka lote. Mimi niliona panatosha, kwani mtoto mgonjwa hatakagua. Alitikisa kichwa. «Huyo mtoto humjui,» aliniambia, «kwa hiyo hutapata nafasi ya kumwomba radhi.» Nikashona mwingine.

Baadaye niliwasimulia kwamba kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa pwani, ilianza kwa kuunga: wanawake wa karne ya 19 walinunua leso za Kireno zikiwa hazijakatwa, sita katika urefu mmoja, wakazigawa tatu tatu na kuzishona mbavu kwa mbavu, ndiyo maana mpaka leo Mombasa huiita leso. Ukumbi ulinyamaza, kisha yule bibi akataka kujua mshono wao ulikuwa wa upana gani. Sikuwa na jibu.

Mfarishi wenye waridi uko kitandani kwa mwanangu. Naenda Ngara Desemba, na bibi ameniagiza doti mbili, moja nyekundu, kwa sharti kwamba nizifue kabla sijapanda ndege.