Baba aliuliza kuhusu kikombe

"Kwenye kikombe chao cha kahawa, ya huku unaijua?"

Baba aliuliza hivyo usiku wa pili tangu nirudi nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, kutoka Ulaya nilikokuwa naonja kahawa, mtori ukiwa bado wa moto na mama akinipima kwa macho kama kweli huko nilikuwa nakula. Nikamjibu: "Siijui, baba. Wanaichanganya na za nchi nyingine, halafu wanaikaanga mpaka inakuwa nyeusi." Akaweka kijiko chini. "Basi tungepanda mahindi tu." Akatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Tangu siku ile washenga wameshakuja kwa ajili ya dada na mahari imekubaliwa, kazini nimekuta meza ya kuonjea imejaa sampuli za kahawa za msimu mpya, na mimi bado niko palepale kwenye kijiko kilichowekwa chini. Namjibu upya nikiwa kwenye daladala ya kushuka mjini. Namjibu upya nikioga. Kila nikilipanga jibu linatoka lilelile, maana ni la kweli.

Kahawa ya baba inapotea kidogokidogo njiani, na kila inapopotea kuna sababu. Kilo tano hadi sita za kahawa mbivu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa safi, yaani punje kavu zilizokobolewa. Anachuma nyekundu tupu na kuimenya siku hiyohiyo, kwa sababu ikilala na ganda lake la nje inachacha vibaya, na ladha ile ya kitunguu kilichooza haitoki tena hata uioshe vipi. Anaivundika usiku mmoja au miwili kutegemea baridi, mpaka ukiisugua kiganjani inakwaruza badala ya kuteleza. Kisha anaiosha, anaianika kichanjani, anaigeuza, anaifunika jua la mchana likiwa kali, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Ukizidi hapo gunia linaota ukungu. Ukipungua sana punje zinavunjika kiwandani na harufu inapotea. Mpaka hatua hiyo ni kahawa ya mtu mmoja, na ukinipa ya kwake na ya jirani naweza kuzitenganisha.

Ikifika chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa hapa, inamwagwa pamoja na ya wenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200, na kama kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani, kinatoa kilo 100 za kahawa safi, utahitaji vihamba 192 kulijaza. Kiwanda cha kukoboa nacho kinaipanga kwa ukubwa na umbo la punje: AA huku, A kule, B, na PB ile ya mviringo. Punje za mti mmoja zinaachana hapo, na huenda zisikutane tena. Mkaangaji wa Ulaya akiipata anaitia kwenye mchanganyiko ambao wateja wake wameuzoea. Kilimanjaro ikiwa ghali mwaka huu anaipunguza na kuongeza ya Brazili, anatia robusta kidogo, ile aina nyingine ya kahawa iliyo chungu zaidi, kwa ajili ya povu na uzito, na ufundi wake wote ni kuhakikisha mnywaji hajui kwamba kuna kilichobadilika. Ni ufundi mkubwa, nauheshimu. Ila ndio unaomfuta baba.

Trieste, mji wa bandari kule Italia, ndiko kulikoniuma zaidi. Ule mji umelelewa na kahawa, bandari yake ilitangazwa kuwa huru tangu mwaka 1719, na watu wake wanaagiza kahawa kwa majina yao wenyewe: ukitaka espreso unasema "nero". Wanakunywa wamesimama kaunta, na bei yake ni nafuu kuliko ukikaa mezani. Gramu 7 za unga, mgandamizo wa baa 9, sekunde 25, mafunda matatu, mtu ameondoka. Kilo moja ya kahawa safi ikikaangwa inapungua asilimia 15 hadi 18, kwa hiyo inatoa vikombe karibu 120 vya namna hiyo. Nilikuwa naangalia vikombe vinavyopita pale kaunta na kupiga hesabu ya magunia. Na kilikuwa kikombe kitamu: uchungu wa chokoleti, povu zito. Uchachu wetu, ule unaokaa pembeni mwa ulimi, haukuwemo. Asidi zinazoubeba zinavunjika kadiri buni inavyoendelea kukaa motoni, na ukipita mlio wa pili wa punje kupasuka unachoonja zaidi ni moto wenyewe kuliko shamba. Illy, kampuni ya kahawa ya mji huohuo, ilianzishwa mwaka 1933, mwaka uleule wa KNCU, chama kikuu chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Moshi. Hilo nimelibeba kichwani tangu nilipolisoma na sijajua niliweke wapi.

Ujerumani nilidhani ningemletea baba jibu la kodi, kwa sababu hilo ndilo wazee wetu wanalolilaumu. Serikali ya kule inatoza euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, lakini inatoza sawa kwa kahawa ya nchi yoyote. Ushuru wa forodha nao hautuzuii, kwani Tanzania imo kwenye mpango wa nchi maskini zaidi na inaingiza kahawa Ulaya bila ushuru, hata iliyokaangwa. Kinachotuzuia kuikaangia huku na kuiuza kule ni muda. Kahawa safi ikihifadhiwa vizuri inakaa miezi mingi bila kuharibika sana. Iliyokaangwa inaanza kufifia ndani ya wiki chache, na meli haina haraka.



Lakini jibu langu lilikuwa na nusu ya pili, na baba alikuwa ameshatoka kwenda kwa mbuzi.

Kuna mahali niliijua. Kwenye meza ya kuonjea kule Hamburg, Ujerumani, vikombe havina majina: gramu 8.25 za kahawa iliyokaangwa kidogo kwa kila mililita 150 za maji ya nyuzi 93, unasubiri dakika 4, unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa, unaondoa povu, kisha unaanza kuvuta kwa kijiko. Pale hakuna cha kujificha nyuma yake. Kikombe cha Kilimanjaro nilikijua kabla hakijapoa, na kilipopoa ndipo kilipozidi kung'aa, tofauti na vingine vilivyokuwa vinalegea. Wenzangu wa mezani nao walikirudia kikombe kilekile. Helsinki, Ufini, pia, ambako wanakaanga nyepesi na wanakunywa kwa wingi, unaweza kukuta mfuko ulioandikwa nchi, mkoa na mwinuko wa shamba. Ni kahawa chache zinazopata bahati hiyo. Ila zipo.

Na kuna hii sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayohusu misitu, ambayo utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Mnunuzi atalazimika kuonyesha kahawa imetoka shamba gani, na kwamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu ya ramani: latitudo na longitudo, zenye tarakimu sita za desimali. Kihamba cha baba, chenye migomba na miti ya kivuli iliyopandwa na babu, kinaingia kwenye nukta moja bila shida. Wasiwasi wangu ni nani atakayelipia kazi ya kuzichukua nukta hizo, na mkulima asiye na nukta atauza wapi. Lakini kwa mara ya kwanza karatasi itakayokwenda hadi kwa mnunuzi itajua kahawa ilipoota.

Jumapili baada ya ibada baba alikuja na kopo la kahawa ya kwake, bado ina ganda la ndani. Hakusema kitu kuhusu mahindi. Akasema, "Ifanye kama wanavyoifanya mezani kwenu."

Tuliitwanga kinuni polepole, maana ukipiga kwa nguvu punje zinapasuka, tukapepeta kwa ungo na kuchagua zilizotobolewa na wadudu. Gramu 200, sufuria nzito, moto wa wastani, mwiko hausimami. Dakika ya sita ikawa ya manjano na harufu ikahama kutoka nyasi kwenda mkate. Kwenye dakika ya kumi na moja ikaanza kulia kama bisi. Hapo ndipo wengi wetu huku tunaendelea mpaka inatoa mafuta. Tuliipa dakika moja na nusu tu, tukaimwaga kwenye ungo na kuipeperusha, kwa sababu ikiachwa na joto lake inaendelea kujikaanga. Zikabaki gramu 170. Moto ukiwa mkali mno inaungua nje na ndani inabaki mbichi, inakuwa na ladha ya majani. Ukiwa mdogo mno inaoka badala ya kukaangika, na kikombe kinapooza. Ikalala hadi Jumatatu ili hewa iliyobaki ndani itoke.

Asubuhi tukasaga, gramu 60 kwa lita moja, dakika 4, tukachuja. Bila tangawizi, bila sukari. Hapa kwetu tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa nyuzi 95 hivi. Hamburg iko karibu usawa wa bahari, yanachemka nyuzi 100, inabidi uyaache yapoe kidogo ndipo umwage. Kibosho unamwaga yakiwa yanachemka na yako sawasawa. Nilipomweleza hilo baba alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia tangu nirudi, akamwita mama jikoni aje asikie kwamba maji yetu hayana haja ya kungojewa.

Akanywa. Akakaa nayo mdomoni. Nikamweleza habari ya meza ya Hamburg yote, mpaka mwisho safari hii.

"Kwa hiyo ukiwa mezani unaijua."

"Naijua, baba. Hata ukinifunga macho."

"Na wale wa kaunta hawaipati kabisa."

"Hawaipati."

"Maskini," akasema, na alimaanisha. Akasukuma kikombe niongeze.

Nimekaa na furaha hiyo siku nzima, na ningeishia hapo kama nisingetafuta kijiko kwenye kabati la mama. Nyuma ya majani ya chai kuna pakiti ya vidonge vyake vya presha, vile vya miligramu 5, vimekatwa nusunusu kwa kisu. Amekuwa akinywa nusu wakati wote nilipokuwa safarini ili visiishe kabla sijarudi, na kwenye simu kila jioni alikuwa akiniambia yuko vizuri. Jana duka la dawa walimpima ikasoma 172 kwa 104. Amerudia kimoja kizima kama daktari alivyoandika. Kesho asubuhi namkalisha dakika tano bila maongezi, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, napima mara mbili. Ikibaki juu ya 160 tunashuka mjini kwa gari la kwanza, na dada ameshaambiwa abaki na mbuzi.